John Marshall, mpasuaji aliyeufuata mshipa uliosahauliwa kando ya moyo

Katwe iko bondeni, na wakazi wake wakiugua hupanda vilima. Upande mmoja iko Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Upande wa pili iko Nsambya, iliyofunguliwa na masista wa Kikatoliki mwaka 1903. Maradhi ya moyo yakizidi, safari huendelea hadi Mulago, iliko Taasisi ya Moyo ya Uganda. Katika hospitali yoyote kubwa, hapa Kampala au ng'ambo, hutokea mara chache jambo linalomshtua daktari kijana. Ameingiza mrija mwembamba katika mshipa wa shingo, upande wa kushoto, ili mgonjwa apate dawa au asafishwe damu. Picha ya eksirei inapoletwa, mrija haukuvuka kifua kwenda kulia kama ulivyotarajiwa. Umeshuka moja kwa moja upande wa kushoto wa moyo, mahali ambapo michoro ya kawaida ya mwili haionyeshi mshipa wowote mkubwa wa kurudisha damu.

Mrija haujapotea. Umepita katika mshipa ambao mgonjwa alizaliwa nao pasipo kujua, ambao kwa watu wengi hutoweka kabla ya kuzaliwa. Aliyeeleza kwa ukamilifu asili ya mshipa huo alikuwa mpasuaji wa Kiingereza, John Marshall, katika andiko alilolitoa mwaka 1850. Hata wale ambao mshipa wao ulitoweka kama kawaida wamebakiwa na masalio yake nyuma ya moyo, na masalio hayo hadi leo huitwa kwa jina lake: vena ya Marshall na kano ya Marshall.

Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1818 mjini Ely, mashariki mwa Uingereza, katika nchi tambarare ya mabwawa ambako kanisa kuu la mji huonekana kutoka mbali. Baba yake alikuwa mwanasheria. Kaka yake mkubwa, William, alijulikana kwa kupenda elimu ya mimea na viumbe, na si ajabu kwamba mdogo wake naye alikua na jicho la kutazama vitu vidogo kwa subira. Kijana John alianza kwa kujifunza kazi chini ya daktari mmoja katika mji wa Wisbech, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, kisha mwaka 1838 akaenda London kusoma katika University College.

Inafaa kukumbuka upasuaji ulikuwaje katika miaka hiyo. Mgonjwa alikatwa akiwa macho, ameshikiliwa na watu, na sifa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono wake. Katika hospitali ya chuo hicho hicho ndipo Robert Liston alipomkata mgonjwa mguu akiwa amelazwa kwa mvuke wa etha, tarehe 21 Desemba 1846, na mlango mpya ukafunguka Uingereza. Lakini kifua kilibaki kimefungwa. Hakuna mpasuaji aliyethubutu kugusa moyo wa mtu aliye hai. Aliyetaka kuujua moyo na mishipa yake aliusoma juu ya meza ya maiti, na Marshall, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi anatomia, alikaa mezani hapo kwa miaka.

Alichokitafuta hapo kinahitaji maelezo kidogo. Kwa kawaida damu iliyokwisha kutumika kichwani, shingoni na mikononi hurudi moyoni kupitia mshipa mmoja mkubwa ulio upande wa kulia, uitwao vena kava ya juu. Damu ya mkono wa kushoto nayo huuendea mshipa huo kwa kuvuka kifua kupitia mshipa wa kupitana, kama daraja. Ndivyo tulivyo watu wazima wengi. Lakini mwili hauanzi hivyo. Katika wiki za mwanzo tumboni mwa mama, kiinitete kina mishipa miwili ya namna hiyo, mmoja kulia na mwingine kushoto, inayolingana kama mikono miwili. Karibu na wiki ya nane daraja la kuvuka hutokea, damu ya kushoto hupata njia fupi ya kwenda kulia, na mshipa wa kushoto, kwa kukosa damu, hunyauka.

Fundi wa Katwe anayechomelea mabati na mabomba angeelewa bila mchoro. Nyumba ilikuwa na mabomba mawili ya kushusha maji. Mwenye nyumba akaunganisha bomba la kupitana juu, maji yote yakaelekezwa bomba la kulia, na la kushoto likazibwa. Ila kipande cha chini kabisa cha lile bomba la kushoto, kona yake ya mwisho, hakikutupwa. Kilibaki kufanya kazi nyingine. Moyoni, kipande hicho ni mfereji ulio mgongoni mwa moyo, unaokusanya damu ya misuli ya moyo wenyewe na kuimimina katika chumba cha juu cha kulia. Waganga huuita sinasi ya korona.

Marshall alifuata kila hatua ya badiliko hilo. Alichunguza vijusi, akalinganisha mishipa ya wanyama mbalimbali wanaonyonyesha, na akakusanya visa vya watu wazima waliokutwa na mishipa yote miwili. Kwa mtu mzima wa kawaida alionyesha mahali masalio yalipo: kamshipa kembamba kanachopita kimshazari nyuma ya chumba cha juu cha kushoto, na mkunjo mdogo ndani ya mfuko unaofunika moyo, ambao watu walikuwa wakiukata kwa kisu bila kuuliza unafanya nini pale. Andiko lake lilichapishwa na Shirika la Kifalme la London, nalo likamletea uanachama wa shirika hilo mwaka 1857.

Mwaka ule wa 1850 Buganda ilikuwa chini ya Kabaka Ssuuna II. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyekuja na msafara kutoka pwani, kufika mbele ya Kabaka huyo mwaka 1844. Lugha hii tunayoisoma sasa ilikuwa ngeni bado katika vilima hivi.

Thamani ya kazi ya Marshall, kwa maoni ya mwandishi huyu, iko katika namna alivyoliuliza swali. Madaktari kabla yake walikuwa wameuona mshipa wa kushoto kwa baadhi ya maiti na kuuandika kama kioja, pamoja na visa vya vidole sita na figo zilizoungana. Yeye aliuona kuwa ni hatua ya kawaida ya ukuaji ambayo kwa mtu fulani haikukamilika. Panya na sungura huzeeka na mishipa yote miwili, na tembo vilevile, wala hakuna anayesema ni wagonjwa. Kioja kikishapata sababu, mtu anaweza kukitabiri: atajua mshipa huo utapita wapi, utaishia wapi, na kwa nini mfereji wa mgongoni mwa moyo utakuwa umepanuka.

Kipindupindu na kisima cha Broad Street

Kabla wino wa andiko lile haujazeeka, kazi nyingine ilimwita mitaani. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliuvamia mtaa wa Soho, London, na katika majuma machache watu zaidi ya 600 walikufa kuzunguka barabara ya Broad Street. Daktari John Snow alihesabu vifo nyumba kwa nyumba, akaonyesha kwamba vilizunguka kisima kimoja cha pampu, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Parokia ya St James iliunda kamati ya uchunguzi, na Marshall alikuwa mmoja wa waliofanya kazi ndani yake, pamoja na Snow na kasisi Henry Whitehead. Ripoti ya mwaka 1855 ilikihusisha kisima na maafa yale. Shimo la maji machafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja kuelekea kisimani.

Baadhi ya waandishi wa wasifu wake wa zamani walimpa Marshall sifa ya kuwa wa kwanza kuonyesha kwamba kipindupindu husafiri katika maji ya kunywa. Hapo walizidisha, kwa kuwa sifa hiyo ni ya Snow. Lakini kukaa upande wa Snow wakati huo, ambapo wakubwa wengi wa tiba waliamini maradhi huletwa na hewa chafu, hakukuwa jambo jepesi kwa mpasuaji ambaye hakuwa na cheo kikubwa bado. Wakazi wa mabondeni mwa Kampala hawana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoleta kipindupindu jijini, maji ya chemchemi ambazo watu walikuwa wakizitegemea yalikuwa sehemu ya tatizo, na choo cha jirani kilikuwa mbali na ndoo kwa hatua chache tu.

Miaka iliyofuata ya Marshall inaweza kusimuliwa haraka, maana ni ngazi za vyeo. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia waya uliopashwa moto kwa umeme kuchoma vidonda na kukata vinyama. Alitetea upasuaji wa kuondoa mishipa ya miguu iliyovimba, jambo lililolaumiwa mwanzoni na kukubaliwa baadaye. Mwaka 1866 akawa profesa wa upasuaji katika University College. Mwaka 1883 akawa rais wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji, na mwaka 1887 rais wa Baraza Kuu la Tiba, chombo kinachosimamia uandikishaji wa madaktari Uingereza.

Kuna upande mmoja wa maisha yake ambao haustahili kupitwa. Marshall alikuwa rafiki wa wachoraji. Alimtibu Dante Gabriel Rossetti, mshairi na mchoraji mashuhuri wa enzi ile, na kuanzia mwaka 1873 alifundisha anatomia katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, kazi aliyoishikilia hadi kifo chake. Kitabu chake cha anatomia kwa ajili ya wasanii kilitoka mwaka 1878. Michoro yake mikubwa ya rangi ya mwili wa binadamu ilitundikwa katika kuta za madarasa. Mtu aliyeweza kuutambua mkunjo mdogo ndani ya mfuko wa moyo aliwafundisha wengine pia jinsi ya kutazama bega na goti.

Alifariki tarehe 1 Januari 1891, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 72. Mpaka siku hiyo mshipa wake ulikuwa na maana kwa wanaopasua maiti peke yao. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja duniani aliyenufaika au kudhurika kwa kuwa nao ukajulikana.

Mrija wa kwanza

Mambo yalibadilika mwaka 1929, katika hospitali ndogo ya Eberswalde, Ujerumani. Daktari kijana Werner Forssmann alijipasulia mshipa wa mkono wake wa kushoto, akasukuma mrija mwembamba hadi moyoni mwake mwenyewe, kisha akatembea kwenda chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Tangu hapo mishipa ya mkono, shingo na bega ikawa barabara za kuufikia moyo, na mshipa wa kushoto wa Marshall, ukiwepo, ukawa njia panda ambayo dereva hakuiona kwenye ramani.

Makadirio ya tafiti za nchi mbalimbali ni kwamba watu watatu hadi watano katika kila 1,000 wana mshipa huo. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.5 Kampala. Kama kiwango hicho kinashika na huku, basi maelfu ya watu wanaopita kila siku Katwe, Kibuye na Nakasero wanaubeba vifuani bila dalili yoyote. Kwa watoto waliozaliwa na kasoro nyingine za moyo hesabu hupanda sana, na hufika kama mmoja katika kila kumi kwa baadhi ya tafiti.

Kwa wengi wao haudhuru. Katika visa vinane au tisa kati ya kumi damu ya mshipa wa kushoto huingia katika ule mfereji wa mgongoni mwa moyo, na kutoka hapo hufika chumba cha kulia, mahali ilipotakiwa kufika. Njia ni ya mzunguko, mwisho ni uleule. Mtu huishi, huzaa, huzeeka, na huzikwa nao.

Hatari ya kweli iko kwa wale wachache ambao mshipa wao humimina damu katika chumba cha juu cha kushoto. Hapo damu ambayo haijapita mapafuni huchanganyika na damu safi inayopelekwa mwilini. Mtu anaweza kuwa na rangi ya bluu midomoni. Mapafu, pamoja na kazi yake ya kupumua, ni chujio: hunasa vipande vidogo vya damu iliyoganda na vijidudu. Damu ikiyapita kando, donge lililotoka mkononi linaweza kufika ubongoni na kuleta kiharusi, au vijidudu vikaleta jipu la ubongo. Kwa mgonjwa wa namna hii hata kiputo cha hewa katika dripu ya mkono wa kushoto si kitu cha kupuuzwa.

Kwa wale ambao mshipa wao hauna madhara wenyewe, shida huanza mtu mwingine anapoingia. Mrija ulioshuka kushoto katika picha unaweza kudhaniwa umetoboa mshipa wa ateri au umeingia katika nafasi ya mapafu, ukachomolewa na mgonjwa akachomwa upya bila sababu. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kwa kawaida huwekwa chini ya bega la kushoto, na waya wake hutakiwa kushuka hadi chumba cha chini cha kulia. Ukipitia mshipa wa Marshall, waya hulazimika kukata kona kali ndani ya moyo, na kazi iliyokuwa ya saa moja huwa ya jasho.

Katika upasuaji wa moyo uliofunguliwa mambo huwa mazito zaidi. Mpasuaji anayesimamisha moyo ili aurekebishe huweza kutumia ule mfereji wa mgongoni kupeleka dawa ya kuulinda moyo kwa njia ya nyuma. Penye mshipa wa kushoto dawa hutoroka kupitia huko, na misuli ya moyo haipati kinga iliyokusudiwa. Damu nayo huendelea kumiminika mahali palipotakiwa kuwa pakavu. Mpasuaji akitaka kuufunga tu ule mshipa wa kushoto, lazima kwanza ahakikishe kwamba wa kulia upo na kwamba lile daraja la kuvuka kifua linatosha kupitisha damu. Kuna watu wachache ambao wa kulia ndio uliotoweka, na kwao mshipa wa kushoto ndio njia pekee ya damu ya kichwa kurudi moyoni.

Kuugundua hakuhitaji mashine za ajabu. Katika kipimo cha moyo cha eko, kile cha mawimbi ya sauti, mtaalamu akiona mfereji wa mgongoni umepanuka bila sababu nyingine, hushuku. Kisha maji ya chumvi yaliyotikiswa hadi yakawa na viputo vidogo sana hudungwa katika mkono wa kushoto. Viputo vikitokea katika mfereji kabla ya kuonekana katika chumba cha kulia, mshipa wa Marshall umejitangaza. Vikionekana katika chumba cha kushoto, shauri limekuwa jingine.

Hata masalio yake kwa watu wa kawaida yamegeuka kuwa habari. Katika kano ya Marshall kuna nyuzi za misuli na neva zinazoweza kurusha umeme ovyo na kuuchochea moyo kupiga bila mpangilio, hali inayoongeza hatari ya kiharusi. Mwaka 2020 jaribio lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 343 lilionyesha kwamba kudunga alkoholi katika kile kimshipa, pamoja na kuunguza sehemu za moyo kwa njia iliyozoeleka, kuliwafanya asilimia 49.2 wakae bila tatizo hilo kurudi, dhidi ya asilimia 38 ya waliofanyiwa kuunguzwa peke yake. Tofauti si kubwa ya kushangilia barabarani, ila ni ya watu halisi, na wapasuaji sasa wanakitafuta kwa makusudi kitu ambacho mwaka 1850 kilikuwa mkunjo usio na jina.

Mama wa Katwe anayeambiwa baada ya kipimo kwamba mwanawe ana mshipa wa ziada karibu na moyo hurudi nyumbani na neno zito mdomoni, na majirani hulifanya zito zaidi. Yapo maswali matatu anayoweza kuyapeleka kwa daktari kabla ya kukata tamaa: mshipa huo unaishia chumba cha kulia au cha kushoto, mshipa wa upande wa kulia upo au haupo, na je, moyo una kasoro nyingine. Majibu hayo yaandikwe katika daftari la matibabu la mtoto, kwa maneno yanayosomeka, na daftari lionyeshwe kila mara anapotakiwa kuchomwa mrija mkononi au shingoni, kutiwa nusukaputi au kufanyiwa upasuaji, hata kama ni miaka ishirini baadaye na ni katika hospitali nyingine upande wa pili wa bonde.